Tarumbeta ya Papa Charline

Jumatatu, tarehe 12 Januari 2026

Papa Charline,

Leo nimefungua daftari lako la kijani, lile la jeshi. Hukuandika ndani hata neno moja. Wewe ulikuwa mtu wa kupuliza, si wa kuandika. Basi nitaandika mimi. Hakuna atakayesoma. Nikimaliza nalirudisha pale pale, chini ya gunia la maharagi.

Mdogo wako Niyibizi ameshuka asubuhi kutoka Kibumba na chukudu, baiskeli yake ya mbao, imejaa kabichi. Amekunywa chai, amekula mkate wote. Tumepanga siku. Tutaondoa matanga Jumamosi tarehe 21 Februari, kwenye kaburi lako, kule shambani kwenu. Misa saa nne, halafu chakula. Mbuzi wawili. Mtoto wetu Charline hatafika, barabara ya Beni haipitiki. Atapiga simu.

Nikauliza: na tarumbeta?

Aliangalia mlango kwanza. "Tarumbeta gani, shemeji?"

Nikasema: ya Donat. Siku ya kumzika hakupigiwa.

Akasema kile ni kitu cha askari, na askari wake hawako tena mjini. Watu watauliza nani anamwita nani. "Weka wimbo wa kanisa kwenye simu. Donat hatajua tofauti."

Hutajua tofauti! Miaka arobaini na moja ulisimama kwenye makaburi ya wenzako. Kitona, Kamina, Kisangani, Beni, hapa Goma. Jeshi lilibadilisha jina, bendera, wimbo wa taifa, hata viatu. Wewe ulianza ukiwa kijana wa miaka kumi na saba, ukafika kapiteni, na kila aliyekufa ulimpulizia. Wewe tu ndiye uliyeshushwa kimya, watu watano, mvua ikinyesha, na padri akitazama saa.

 Nimemfungia Niyibizi sambaza, dagaa wa ziwani, apeleke nyumbani. Lakini nimeamua.

Jumatano, tarehe 14 Januari

Nimeitoa tarumbeta yako. Wakati ule jeshi lenu lilipokimbia na mji ukabadilisha wakubwa, nilichoma mashati yako mawili ya kazi na kofia kwenye jiko la mbabula, ukiwa umelala kitandani na figo zako. Uliuliza neno moja tu: "Na ile?" Nikasema iko. Ilikuwa ndani ya gunia la makala, mkaa wetu wa kupikia. Wiki ya nne ukafa, nayo bado imelala kwenye makala.

Nimeisugua kwa limau na majivu. Imerudi kuwa nyekundu-njano. Kuna shimo dogo ulilozibisha Kamina. Nimelitafuta kwa kidole nikalipata.

Ulikuwa ukinikosoa kila siku: si tarumbeta, mama, ni clairon. Tarumbeta ina vidole, hii ina midomo tu. Na mimi niliendelea kusema tarumbeta ili unikosoe.

Mchana nimekwenda kwa Sibomana, mwanafunzi wako wa jeshini. Anashona viatu karibu na soko dogo la hapa Mabanga. Kumbe ameanguka na moto, pikipiki, mwaka jana! Meno mawili ya mbele hayako. Nikamweleza ninachotaka. Akafungua kinywa.

"Mama Kapiteni, angalia mwenyewe. Nikipuliza hapa itatoka supu."

Tulicheka mpaka mteja wake akakasirika. Halafu Sibomana akashika kiatu, akakiachilia. Akasema hakuna siku inayopita bila kufikiri kwamba Kapiteni alikwenda bila kupigiwa.

Jumapili, tarehe 18 Januari

Baada ya misa nimeongea na Paulin, yule anayepiga tarumbeta ya vidole kwenye fanfari ya parokia. Amekubali. Amefurahi hata.

Jumanne, tarehe 20 Januari

Paulin amekataa. Mama yake ndiye aliyekuja kusema. Ameniletea na ndizi.

Alhamisi, tarehe 22 Januari

Nitapuliza mimi.

Nimeliandika ili nilione. Mimi, Kaswera, mwanamke wa miaka hamsini na nane, shule ya msingi na miaka miwili ya ushonaji. Nimemwambia Sibomana. Nilifikiri atacheka. Alitafuta kiti.

"Una meno yote?"

Yote.

"Bon. Kesho nakuja."

Jumamosi, tarehe 24 Januari

Sauti ya ndama. Ndama mgonjwa. Sibomana anasema midomo iwe kama natema ganda la mchele. Nimetema saa nzima. Mate tu!

Tunafanya saa ambazo mashine ya unga ya Umutesi inanguruma. Iko upande wa pili wa ukuta. Ikisaga, hata radi haisikiki. Soksi yako moja nimeitia kwenye mdomo mkubwa wa tarumbeta. Umutesi nimemwambia ukweli, maana ni jirani. Alisema: "Mama Charline, mimi nitasaga hata mahindi ambayo hayako."

Jumamosi, tarehe 31 Januari

Leo sauti tatu zimetoka, zimefuatana. Sibomana aligonga meza. Yeye anaimba, mimi nafuata. Ana sauti nzuri, ila inapitia kwenye pengo.

Alipofika karibu na mwisho akanyamaza. Nikajua. Hata wewe nyumbani ulikuwa unaishia hapo hapo. Miaka yote. Ulikuwa unajifunza nyuma ya nyumba, mimi naosha vyombo, wimbo unakuja, unakuja – halafu kimya. Charline akiwa mdogo alikuwa anakasirika. Anapiga mguu chini: Papa, maliza! Ukamwambia sauti ya mwisho ni ya marehemu mwenyewe. Haipulizwi bure. Inapulizwa kaburini tu.

Nikamwomba Sibomana anifundishe hata hiyo. Akakataa kabisa. "Ni ile ile ya kwanza, mama. Lakini unaiacha iende mpaka pumzi iishe yenyewe. Zaidi ya hapo Kapiteni alinikataza."

Basi nitaipuliza mara ya kwanza siku hiyo hiyo. Ikipasuka, imepasuka mbele ya watu wote.

Tena ameniambia kitu. Unakumbuka zile siku tatu uliposema uko kwenye formation, mafunzo ya jeshi? Ulirudi na ndevu na harufu ya choo. Kumbe ulikuwa umefungwa! Sibomana anasema mlikuwa mkizika wenu, na pembeni kulikuwa na maiti ya mmoja wa upande ule mwingine, kijana, hana wa kumzika. Ulipomaliza wenu ukageuka ukampulizia na yeye. Mkubwa akauliza nani amekuamuru. Ukajibu: "Pumzi ilibaki, mkubwa."

Hukuniambia. Nilikupikia sombe, majani ya mihogo, siku hiyo, ukala sahani mbili, ukalala. Kama una mengine ya namna hiyo sijui. Na kama una mabaya sijui pia. Miaka arobaini na moja ni mingi, na vita ni vita. Mimi najua cha nyumbani.

Alhamisi, tarehe 5 Februari

Mlango nimeufunga.

Saa tisa mashine ilikuwa inanguruma. Nilitoa soksi, maana Sibomana alisema lazima nisikie sauti yenyewe walau mara moja. Nikavuta pumzi. Nikapuliza. Na umeme ukakatika!

Mashine ikazima. Mimi bado napuliza. Ilitoka peke yake, safi, haijawahi kutoka vile – Mabanga nzima imesikia. Kuku wa Umutesi waliruka. Nje watu wamesimama. Hata watoto.

Sibomana alishuka chini ya meza. Mtu mzima, ajida mzima wa jeshi!

Nimeificha tena kwenye makala. Tunasubiri nani atagonga.

Ijumaa, tarehe 6 Februari

Aliyegonga ni papa Carlos, mkubwa wa barabara yetu. Ndiye anayepeleka majina ya watu kwa wakubwa wa sasa. Amekuja peke yake, na fimbo yake. Nikampa kiti. Maji hakunywa.

"Mama, jana niko nasikia kitu. Watu watatu wamekuja kuniuliza ni nini."

Nilikuwa nimepanga uongo. Redio, filamu, kitu kama hicho. Nikamwangalia, uongo ukashindwa kutoka. Nikasema: ni tarumbeta ya Donat, papa. Ni mimi. Nataka kumpigia siku ya kuondoa matanga, mara moja tu, basi.

 Nilisikia mashine ya Umutesi ikianza, ikasimama, ikaanza tena.

Unajua alichokuwa anafikiri. Mtoto wake wa kwanza, yule askari tuliyemzika 2013. Mimi nilikuwepo. Ni mara moja tu niliyosikia sauti yako ya mwisho, na papa Carlos alikuwa ameshika bega langu na la mke wake ili asianguke.

Mwishowe akasimama. "Nimewaambia wale watu ni mbuzi ya Umutesi."

Umutesi hana mbuzi, papa.

"Basi anunue." Amefika mlangoni, hakugeuka. "Na hiyo mbuzi isilie tena hapa kwangu. Ikalilie Kibumba. Mara ya pili siwezi kusema mbuzi, mama. Nitasema jina."

Nimeelewa. Hakuna mazoezi tena. Siku kumi na tano, bila kupuliza.

Jumanne, tarehe 10 Februari

Napuliza bila tarumbeta. Midomo tu, natema ganda la mchele huku nachambua maharagi. Sibomana anapita asubuhi, anasimama mlangoni na kiatu mkononi kama fundi, anaimba chini chini, anaondoka.

Jumapili, tarehe 15 Februari

Nimepanda Kibumba kuongea na Niyibizi. Ana haki ya kujua, ni kwake.

Alikasirika sana. Alitupa jembe. Shemeji, wageni watakuja, na watu tusiowajua pia watakuja, hao hawakosi kwenye matanga. Nina watoto sita hapa. Wewe utarudi Goma, mimi nitabaki na hizi kabichi. Unataka tumfuate Donat?

Ana haki. Nimemwambia ana haki. Nikasema: basi si kwenye misa. Asubuhi mapema, kabla ya wageni, kabla ya padri. Mimi na kaburi tu. Wakija kuuliza, ni mjane amechanganyikiwa. Utasema hivyo, sitakasirika.

Akauliza kwa nini lazima. Mutu amekufa, amelala.

 Nikamwambia habari ya yule kijana wa upande mwingine, na siku tatu za kufungwa. Alikuwa hajui na yeye. Aliokota jembe, akafuta udongo kwa mkono, taratibu.

"Asubuhi mimi nitakuwa nimelala," akasema.

Niyibizi hajawahi kulala baada ya saa kumi na moja ya alfajiri, tangu nimfahamu.

Ijumaa, tarehe 20 Februari

Mwaka mmoja leo tangu ufe.

Tumepanda na Umutesi. Tarumbeta ndani ya sufuria kubwa ya wali, ndani ya kitambaa, sufuria nyingine juu, vifuniko juu. Kwenye kizuizi cha barabarani kijana mmoja aligonga sufuria kwa kidole. "Mama, munakwenda kupikia nani?" Umutesi akajibu haraka: "Mume wa huyu. Ukija kesho na wewe utakula." Akacheka, akatupitisha. 

Sibomana hakuja. Alisema akija atajaribu kupuliza, na atanitia aibu. Amenitumia kipande cha limau kwenye karatasi, cha kulowesha kinywa. Nisile karanga kesho asubuhi, amesema. Kama wewe kabla ya kupuliza.

Nimejiangalia kwenye kioo cha Niyibizi. Juu ya mdomo wangu kuna alama, duara dogo jekundu. Wewe ulikuwa nayo miaka yote. Siku ile nilipokuosha niliigusa kwa kidole, nikafikiri: hii nayo inakwenda chini. Haikwenda yote.

Jumamosi, tarehe 21 Februari

Saa kumi na mbili na robo. Nimekaa juu ya ukuta wa mawe ya volkano, miguu karibu na msalaba wako. Baridi. Ukungu uko kwenye viazi mpaka magotini. Kipande cha kupulizia nimekiweka kwapani kipate joto, kama ulivyofanya siku za baridi.

Nimepuliza.

Ya kwanza ilipasuka. Nikaanza upya. Ya pili imeshika – imekwenda, Donat! Imevuka shamba, imerudi kutoka mikaratusi. Nimefika pale unapoishia. Pale pale. Nikaishusha.

Sijaogopa kupuliza. Nimeogopa kumaliza. Nikimaliza utakuwa umekwenda kweli. Ndiyo maana nimechukua daftari kwanza.

Watu wa mashamba ya jirani wamesimama na majembe yao.  Niyibizi hakulala. Yuko kwenye njia ya kabichi, ameshika kofia mkononi. Barabarani moto imesimama, ina watu wawili, wameshuka. Ukungu unanizuia kuona wamevaa nini. Wanakuja huku, hawakimbii. Niyibizi amewaona. Amehama, amesimama katikati ya njia, kati yao na mimi.

Basi. Midomo ina joto. Pumzi ninayo.

Sauti hii ya mwisho ni yako. Ukiisikia huko uliko, unikumbuke mimi Kaswera.