Kona ya Kisimani

Mzee Anselmi, fundi wangu,

Shikamoo. Najua safari hii huitikii, na mimi nimekuja na ubishi, kwa hiyo utanisikiliza tu.

Mwaka mmoja baada ya kukuzika, ghala la mpunga ulilotujengea hapa Michenga lilianza kupasuka. Kona zote nne zilikuwa na nyufa, ila ya upande wa kisimani ndiyo ilitisha, ufa ulipanda hadi kwenye linta, juu ya madirisha. Kamati ya ghala ikakaa, na mwenyekiti akasema mbele ya watu kwamba ulikula saruji. Wewe, uliyekuwa ukikung'uta mfuko mtupu mara tatu kabla ya kuukunja. Wakataka ghala libomolewe, mpunga wetu tuwe tunauhifadhi kwa watu wa mashine kule Ifakara, kwa masharti yao. Nikasimama nikawaambia hakuna atakayeshika nyundo kabla sijazipima zile nyufa. Walicheka. Sikukaa.

Nilifanya ulivyonifundisha. Nilibandika kipande cha kioo juu ya kila ufa, maana ufa unaoendelea kufunguka hukikata, nikasubiri masika yote. Vitatu vikabaki vizima. Cha kona ya kisimani kilikatika katikati mvua zilipokolea. Ghala lako halikuwa bovu, Mzee. Ni kona moja tu iliyokuwa inazama.

Maji yalipokauka nikachimba hapo. Mawe ya msingi yaliishia usawa wa magoti, chini yake udongo mweusi mtupu. Nilikaa ndani ya shimo nikalia, sitaficha. Kona hiyo niliichimba mimi.

Unakumbuka? Kila mtaro wa msingi ulikuwa unaumwagia ndoo ya maji, tunauacha hadi kesho yake, ndipo unauchoma kwa mtaimbo. Siku ile homa ilikubana, ukaniuliza tu, "Stela, umefika pagumu?" Nikasema nimefika. Kilikuwa kiangazi, mtaimbo ulilia kama nagonga jiwe, na viganja vyangu vilikuwa na malengelenge. Sikumwaga maji. Udongo wetu ukikauka unakuwa kama mwamba, unamdanganya mgeni, lakini mimi nilikuwa nimeshafundishwa. Ukaniamini, ukapanga mawe.

Nilirudi kwenye kamati nikasema yote. Mwenyekiti akauliza kwa nini basi aniamini sasa. Nikamjibu asiniamini, aje amwage maji mwenyewe. Akaja shimoni na ndoo yake, siku mbili mfululizo, akaona mtaimbo unavyozama, akaniruhusu.

Tuliegemeza ukuta kwa mirunda, nikachimba kipande kwa kipande hadi kwenye changarawe ngumu, nikajaza mawe na zege chini ya msingi wako. Ufa nikaushona kwa nondo.

Bado nina hasira na wewe. Ulinikagua kila siku, siku ile moja ukaniachia. Na uliondoka kabla sijakwambia, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nakuahidi kila mtaro wangu utakunywa maji kwanza, hata nikiwa na homa, hata nikiwa na uhakika.

Plasta ilipokuwa bado mbichi niliandika jina langu kwenye kona hiyo, kwa herufi kubwa. Mwenyekiti alitaka nilifute. Nimekataa. Nimebandika kioo kipya pembeni yake, na tangu juzi mvua inanyesha. Kikikatika, wanajua wa kumtafuta.

Kwaheri, Mzee wangu. Wewe pumzika, kona ni yangu.

Stela