Betri Mpya na Kuukuu Katika Tochi Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana kazini kama Mzee wa Waya
Umri: miaka 41
Kazi: muuza tochi, chaja na betri
Makazi: chumba cha nyuma, jengo lenye duka la rangi chini

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeitwa kueleza ninachojua kuhusu jirani yangu wa kazi, tunayemwita Volti, ambaye yuko mahabusu hapa kwa tuhuma ya kumuuzia mteja betri mbovu iliyolipuka na kumuunguza mkono.

Kabla sijaendelea naomba iandikwe kwamba simpendi Volti. Namwonea wivu. Afande amesema si lazima kuandika hilo, nami nimesema liandikwe, mtu asije akadhani namtetea kwa urafiki.

Meza zetu zinatazamana kwenye ujia mmoja. Mimi nilianza, yeye akaja nyuma yangu. Sasa wateja wananipita mimi niliyesimama nikiwaita, wanakwenda kwake yeye aliyekaa kimya. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, najua wanavyosema. Halafu kuna fundi wa nguo wa mwisho wa ujia. Huyo alikuwa mchumba wangu. Sasa ni mchumba wa Volti. Nimekaa nikisubiri siku Volti atakapoharibu, kama mgema aliyesifiwa, lakini tembo lake bado halijaingia maji.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, mkuu wa walinzi wa ghala la mbolea alifika kwa Volti na tochi kubwa ya betri mbili, zile za kuchaji zenye unene wa kidole gumba. Alitaka betri moja tu. Alisema ile nyingine bado nzima, tena ganda lake limeandikwa uwezo wa 9900. Volti aliipima mkononi, akacheka.

"Bosi, hii nyepesi kama kizibo. Betri ya ukubwa huu haifiki hata elfu nne. Anayekuandikia elfu tisa anakuuzia karatasi."

Akamweleza kwamba tochi kali hunyonya umeme kwa pupa, na si kila betri inaweza kuutoa kwa kasi hiyo. Na kwamba tochi ya betri mbili hupewa mbili za aina moja, zilizonunuliwa pamoja na zinazochajiwa pamoja. Moja hakumuuzia. Alimuuzia jozi. Mimi huwa nauza hata moja, mteja akitaka. Nilisikia yote hayo nikiwa najifanya napanga chaja.

Mteja alivuka akaja kwangu kununua kamba ya tochi. Akafungua tochi mezani pangu, akatia betri mpya moja na ile kuukuu. Kuukuu ilikuwa imechanika ganda, amezungushia utepe mweusi. Mpya ya pili akaitia mfukoni.

"Hii ya nyumbani," akaniambia. "Huyu jamaa yako anapenda kuuza mbilimbili."

Kusema kweli nilifurahi kusikia mtu akimsema. Lakini Volti alikuwa ameona. Aliacha meza yake, akaja mpaka mezani pangu.

"Usichanganye, bosi. Ile dhaifu itaisha mapema, mwenzake ataendelea kuisukuma. Itachemka mkononi mwako. Nipe hiyo kuukuu nikakutupie."

"Unataka nirudi kununua tena kesho," mteja akamjibu, akafunga tochi akaondoka nayo hivyo hivyo. Volti alimfuata hatua kadhaa akimwomba. Hapakuwa na mwingine karibu wa kusikia ila mimi.

Leo afande amenionyesha betri iliyopasuka. Imeungua, lakini utepe mweusi umegandia chini yake. Ndiyo ile kuukuu ya mteja. Volti hakuiuza.

Nimeulizwa kwa nini sikuja mapema, wakati Volti alikamatwa jana. Jibu ni kwamba sikutaka. Nililala vizuri sana jana, na leo meza yangu ilikuwa na wateja tangu nafungua. Nikajisemea, si ugomvi wangu, kila mtu ashinde mechi zake.

Saa tano hivi fundi wa nguo aliingia kwenye ujia na kuja mezani pangu. Hajakanyaga hapo tangu tuachane. Nilifunga kifungo cha shati. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Polisi wamemuuliza nani shahidi wake," akasema. "Amekutaja wewe."

"Mimi? Hana watu wengine?"

"Nilimwambia huyo hatakuja, anakuchukia. Akasema, atakuja, yule hasemi uongo."

Hapo ndipo roho iliponiuma kuliko siku zote. Angenitukana ningekaa na wateja wangu kwa raha. Nilimuuliza fundi, "Na wewe ulisema sitakuja?" Alitangulia kituoni. Nilifunika meza nikaja.

Nimeulizwa kama nina uhusiano na mtuhumiwa. Ni jirani wa meza. Nimeulizwa kama nina uhusiano na mwanamke aliyeketi kwenye benchi la nje akisubiri. Nimejibu sina, na hilo nalo ni kweli.

Ninayoyajua ni haya, nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi kwa sauti. Mlalamikaji ataitwa tena kuhojiwa kuhusu utepe. Mtuhumiwa anaandaliwa dhamana. Shahidi ameomba atolewe kwa mlango wa nyuma. Amefahamishwa kwamba kituo hiki kina mlango mmoja.