Mahindi Yenye Homa

Faza, Jumapili

Kaka Mahir, salamu zikufikie huko Ras Kitau.

Sijapata kumwambia mtu hapa nyumbani: sitaki uuguzi ulionichagulia, nataka kilimo.

Viwavi walivamia mahindi ya mama. Alitaka kununua sumu, nami nikahofia kuku wetu wanaopekua humo. Nikatwanga majani ya mwarobaini, nikayaloweka, nikamimina maji yake kwenye moyo wa kila mche.

Bibi, anayetunywesha mwarobaini tukiugua, alicheka. "Mahindi yana homa, Khairiya?"

Sasa majani mapya yanatoka bila matundu, na kuku ni wazima. Mama ameanza kuniita Bi Shamba.

Karo unalipa wewe, kwa hiyo naogopa. Lakini juzi nilimwendea mwalimu, nikachagua somo la Kilimo, kisha nikarudi kupalilia.

Mdogo wako,
Khairiya