Kasoro ya Memori na Mwaliko Niliokuficha

Mdogo wangu Anna,

Mama kaniambia umenenepa na baridi ya huko umeizoea. Mie nipo Tabata, dukani, kwenye meza ileile tuliyokuwa tukitengenezea kompyuta.

Unaikumbuka laptop ya yule mwalimu wa Kiwalani? Maksi za wanafunzi wake zilikuwa zinabadilika zenyewe. Nikasema memori imekufa, tubadilishe. Ukakataa. Ukaandika programu ndogo ya kusoma sehemu moja ya chipu ya memori mfululizo, bila kupumzika, na siku ya tatu ukaniita.

"Dada, njoo uone. Humu kila kitu huhifadhiwa kwa sifuri na moja; sasa sifuri hii imegeuka moja, na sijaigusa. Nimegusa ya jirani yake tu."

"Anna, wateja wanasubiri."

"Mtu akilijua hili, anaweza kugeuza namba zinazolinda mashine, akaingia bila nywila."

Ukajaribu memori mpya tulizokuwa tunauza, nazo zikafanya vilevile. Hapo nilielewa kuwa umegundua kitu kikubwa nisichokiona mie, ndiyo maana iliniuma. Hata kushika bisibisi nilikufundisha mie.

Ukawaandikia watengenezaji wa memori hizo kwa barua pepe ya duka. Jibu nililiona mie kwanza: kasoro wameithibitisha, na chuo kimoja cha kwao, huko ulipo sasa, kinakualika ukasome. Nikalifunga. Siku nne nilikula nawe sahani moja bila kukuambia. Ya tano ukaniuliza, taratibu, "Hawajajibu tu?" Nilipokutazama usoni nikashindwa. Nikasema, "Imeingia leo." Ukanikumbatia ukalia, ukasema huna mtu kama mie.

Wiki iliyopita wateja walikuwa wanakutazama kwenye simu, ukieleza kasoro ile mbele ya ukumbi uliojaa. Ukanishukuru kwa jina. Mmoja akaniuliza, "Huyu si mdogo wako?"

Nikajibu, "Tunafanana tu."

Naiandika barua hii iwe ya wazi, kila mtu aisome, kwa sababu nilikukana mbele za watu. Sitaki uendelee kunishukuru bila kujua zile siku nne. Na wivu haujaisha, Anna. Jana nimeirudia video yako nikitafuta mahali ulipokosea, sikupaona.

Ukikasirika, una haki. Ukishatulia, nipigie. Ripoti yako ya kasoro ile nimeisoma mara mbili, na kuna ukurasa sijauelewa. Nimejaribu kujifanya nimeuelewa, nimechoka. Unieleze.

Ni mie, dada yako, wa tumbo moja