Mkono Uliousifu Ni wa Kompyuta

Durban, Jumapili, nimetoka ibadani

Baba yangu, shikamoo.

Presha inasemaje, na kile kilima cha nyumbani Myamba bado unakipanda? Mimi mwanao ni mzima, nimenenepa, na hapa gereji wananiita injinia, ingawa wewe unajua darasa la saba lilivyonitoa jasho.

Dada Nakijwa kaniambia kwamba tangu kiharusi kikuguse mkono wa kulia, redio yako ya kupigia Morse umeifunika kwa kitenge cha Mama. Nikamuuliza, "Kwani imeharibika?"

"Redio ni nzima. Baba anasema mkono unatetemeka, hataki kumwaibisha mwanawe anayegonga kama karani wa stesheni."

Baba, nikauacha ugali mezani, nikachukua kalamu.

Ule mkono uliousikia hewani ukausifu si wangu. Nilinunua waya, nikaunganisha kompyuta na redio pale kinapochomekwa kile chuma cha kugongea. Naandika maneno kwa kidole kimoja, mashine inayageuza kuwa nukta na mistari ya Morse, imenyooka kabisa. Wewe uliyegonga simu za Morse za reli pale stesheni ya Same hadi kustaafu ukaniambia, "Sasa umekuwa mtu." Ningeanzaje kuikana sifa tamu vile? Nikajitapa mpaka kwa shemeji. Au ulijua, ukanistahi tu?

Sasa binamu Elia anakuja huko nyumbani likizo na waya kama wangu na kompyuta ndogo. Nakijwa atakufungia, ana akili kunizidi. Ila kompyuta iwashwe kwanza, redio baadaye. Mimi nilianza na redio. Kompyuta ilipoamka ikawa kama imekikalia kile chuma, mluzi mmoja mrefu hewani, hadi mzee mmoja wa huku mwenye redio akanipigia kuuliza kama nimezimia juu ya mitambo.

Kidole kimoja cha kushoto kinakutosha, Baba. Hata mimi mwenye mikono miwili mizima natumia kimoja.

Nisalimie Mama, arudishiwe kitenge chake, na mjomba seremala, mwambie kile kiti alichonitengenezea ndicho ninachokisimulia huku.

Jumapili ya kwanza Elia akishafika, saa tisa mchana ya huko nyumbani, masafa yetu yale yale, nitachomoa waya wangu. Ukisikia kitu kama mbuzi anatembea juu ya bati, huyo ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe. Nijibu kwa mashine.

Mwanao, injinia wa uongo,
Eliamini