Stoo ya Mama Tekla

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Katindiuka tumeshavuna, na mama yako hajambo. Umeniuliza kama ni aibu kulala sebuleni kwa mwenzako huko Ujerumani, kwa kuwa kodi za vyumba huziwezi.

Nilipohamia Ifakara kutoka Usukumani, kodi za vyumba vya mtaa wa Kibaoni zilinishinda. Mama Tekla, mjane wa Kindamba, akanipa nafasi kwenye stoo yake ya mpunga. Kila asubuhi nilitoka mapema, majirani wasinione.

Siku moja Masanja, rafiki yangu wa utotoni, akaja kunitafuta. Nilisimama mlangoni nikauziba kwa mwili, uso ukiniwaka.

Mama Tekla akasema kutoka jikoni, "Mbona humkaribishi mgeni ndani kwako?"

Ikabidi nimpishe. Masanja akayatazama magunia, akautazama mkeka wangu, akainama. Nilitamani kutoweka. Kisha akauliza taratibu, "Hapo pembeni naweza kujibanza na mimi? Nimekuwa nikilala stendi."

Tukasogeza magunia pamoja. Hatukutazamana usoni hadi tulipomaliza.

Nisalimie huyo aliyekupa sebule.

Babu yako