Karatasi Iliyofungia Karanga

Mwanza,
14 Agosti 1994

Kaka Revocatus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nansio, pamoja na shemeji Dorotea na watoto, na kwamba jua halikuwamalizia mihogo. Mimi mwili hauna neno. Baba naye hajambo, ila magoti yanamsumbua na macho yanazidi kupungua nguvu. Najua utaugeuza huu mwandiko mara mbili kabla ya kuamini ni wangu. Ni miaka saba.

Kazi yangu bado ni ufundi redio, ingawa siku hizi ni sawa na kuuza miavuli kiangazi. Tangu biashara ifunguliwe, maduka yamejaa redio kaseti za Dubai, na mtu redio yake ya zamani ikikohoa anaitupa. Ngosha, niliyekuwa naye kibandani, amekwenda kiwanda cha minofu ya sangara. Anasema huko angalau samaki harudishwi na mwenyewe kwa malalamiko. Nimebaki peke yangu, kaka. Kuna siku nafungua redio isiyo na ubaya wowote ili mikono ipate cha kufanya.

Mzee Liaqat aliyenifundisha kazi unamkumbuka. Dukani kwake kulikuwa na rafu nzima ya vitabu vya vipuri, kila transista na ukurasa wake: umeme inaostahimili, na mchoro wa miguu yake mitatu, upi ni upi. Siku ya kwanza aliniambia kwamba hivi vidude vinafanana kwa sura lakini miguu haipangwi sawa, na anayechomelea kabla ya kusoma ukurasa huyo si fundi. Mwaka jana alihamia Kanada kwa binti yake Shamsha. Aliyekodi duka anauza mitumba, na vitabu akavitoa nje. Nilipopata habari, rafu ilikuwa imeshajaa suruali.

Basi mwezi wa tano nikanunua karanga sokoni kwa dada mmoja, Winnie. Nilipomaliza kutafuna nikakunjua karatasi, nikaona miguu mitatu ya transista na namba ninayoifahamu. Nilirudi mbio. Winnie akanionyesha magunia mawili, akasema kayapata kwa watu wa mitumba, na kwamba karatasi zenyewe ni ngumu, hazikunjiki vizuri. Tukakubaliana nimletee magazeti ya zamani, naye anipe kurasa, gazeti kwa ukurasa. Hunitania kwamba wanaume wenzangu huja kwake kwa ajili yake au kwa ajili ya karanga, mimi nakuja kwa takataka, na kwa mwendo huu sitaoa. Sikumwambia kwamba ndiye mtu pekee ninayezungumza naye kutwa nzima.

Kurasa nazifuta mafuta kwa majivu, nazibandika kwenye daftari kubwa kwa kufuata namba. Zilizochanika nazinakili kwa mkono. Zimefika mia tatu na kidogo, na chumba changu kinanuka karanga. Juzi fundi mmoja wa Geita, Antoni, alikuja kutafuta ukurasa kwa ajili ya redio ya misheni yao. Alikaa mchana kutwa akinakili, na alipoaga nilisikitika kwamba hakuhitaji kurasa mbili.

Mwisho wa mwezi uliopita, katika gunia la pili, nikaupata ukurasa wa transista niliyoiweka kwenye redio ya baba.

Kaka, hapa ndipo barua ilipokuwa ikielekea. Ile redio hukuiunguza wewe. Ni kweli uliiunganisha na betri ya gari ili usikilize mpira, lakini asubuhi yake ililia kama kawaida, ila ilikuwa inakwaruza. Nikaifungua nikuonyesheni ujuzi wangu, nikabadilisha transista bila kusoma ukurasa. Nilidhani mguu wa kati ni ule ule wa zile nilizozizoea. Moshi ukatoka. Baba alipoingia akauliza ni nini, nikasema ni betri ya Revocatus. Wiki ile ile shangazi wa Magu akafariki, tangazo la kifo likasomwa redioni nyumba yetu ikiwa haina redio, na baba akafika watu wameshaanua matanga. Alipokufukuza nilikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza. Miaka yote hii nimejifariji kwamba huenda betri ilikuwa imeshaidhoofisha. Ukurasa umeniondolea hata faraja hiyo: mguu wa kati sio ule niliodhani.

Nikaweka transista nyingine, miguu ikikaa inavyotakiwa, na redio ikalia. Jumapili iliyopita niliipeleka nyumbani Kisesa. Baba alifurahi, akaishika mapajani, akauliza ilikuwa inaumwa nini. Nikamweleza yote. Hakunitukana. Aliizima, akawa anaifuta vumbi kwa kiganja mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni pake. Kisha akasema kwamba amemfukuza mtoto asiye na kosa na kumlisha mwenye kosa. Akanirudishia redio, akaniambia nisikanyage tena pale peke yangu. Siku nikirudi, niwe nimefuatana na wewe.

Sikuombi unisamehe ili tu nifunguliwe lango la baba. Ningekuomba hata kama yeye angenisamehe. Lakini yeye hawezi tena kuja huko kisiwani, na amekwishaniuliza nauli ya meli ni kiasi gani, kisha akasema hapana, magoti.

Nisalimie sana shemeji na watoto ambao siwajui kwa majina. Jumamosi meli ya Nansio ikitia nanga nitakuwa bandarini, na redio mkononi ili unitambue, maana nimekonda. Usiposhuka sitalalamika. Nitakwenda tena Jumamosi inayofuata.

Mdogo wako mwenye kosa,
Malimi